Inchi Moja Chini: Hadithi ya Miguu ya Mbele ya Mustang

Ukisoma matangazo ya magari yaliyotumika hapa Dar es Salaam, maneno mawili hayakosekani: injini na miguu. Injini safi, miguu safi. Kwa lugha ya gereji, miguu ni vile vyote vilivyo kati ya bodi na barabara: springi, shokapu, mikono, bushi, boljointi, stabilaiza. Wengi tunaulizia injini kwanza. Lakini ukiwa kona ya Kitonga, lori linakuja upande wako na mvua inanyesha, injini haikusaidii kitu. Hapo umebaki na miguu.

Miezi michache iliyopita nilikuwa gereji nikisubiri gari la mjomba. Pembeni kulikuwa na gari dogo lililonyanyuliwa kwa spesa ili lisigonge matuta. Tairi zake za mbele zilikuwa zimeliwa upande wa nje mpaka nyuzi zinaonekana, na upande wa ndani bado mpya kabisa. Mwenye gari alikuwa analalamika kwamba ameuziwa tairi mbovu. Fundi, mzee wa makamo, hata hakuinua kichwa. Akamjibu: "Kaka, tairi hazina kosa. Gari umelinyanyua, mikono yake hukuiuliza."

Jibu lile nimekaa nalo muda mrefu, kwa sababu ndani yake kuna fizikia nzima ya somo hili. Pia linanikumbusha kisa kimoja cha miaka ya 1960, cha gari lililopendwa dunia nzima ingawa miguu yake ilikuwa ya kawaida sana, na namna wahandisi walivyoibadilisha tabia yake kwa kutoboa matundu manne. Gari hilo ni Ford Mustang. Lakini ili matundu hayo yaeleweke, lazima turudi nyuma kidogo.

Mti mmoja, magurudumu mawili

Magari ya kwanza yalirithi miguu ya mikokoteni ya farasi. Mbele palikuwa na ekseli moja ngumu, kama mti uliolazwa, gurudumu huku na gurudumu kule, na juu yake springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ni muundo rahisi na imara, na malori mengi bado yanautumia mpaka leo. Tatizo lake ni kwamba magurudumu mawili yamefungwa pamoja kama watu waliofungwa kamba miguuni. La kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo linainama.

Kwa mwendo wa mkokoteni haina shida. Kwa mwendo wa gari, kulitokea ugonjwa uliowasumbua sana madereva wa miaka ya 1920: magurudumu ya mbele yalianza kutikisika yenyewe kushoto na kulia, usukani ukipigana na mikono ya dereva.

Unaweza kuuona mzizi wa ugonjwa huo nyumbani. Chukua gurudumu la baiskeli, lishike kwa ekseli yake pande mbili, mwambie mwenzako alizungushe kwa kasi, halafu jaribu kulilaza upande. Utashangaa: badala ya kulala tu, linajipinda kulia au kushoto kana kwamba lina akili yake. Kitu kinachozunguka kwa kasi ukikiinamisha, kinageuka. Sasa fikiria ekseli ngumu: kila jiwe linaloinua upande mmoja linayainamisha magurudumu yote mawili, na kila yanapoinama yanataka kugeuka. Yakigeuka yanavuta usukani, usukani unayarudisha, yanapitiliza upande wa pili, na mchezo unaanza upya.

Dawa ilikuwa kuyatenganisha magurudumu, kila moja lipande na kushuka peke yake. Lancia Lambda ya Italia ilikuwa na miguu ya mbele ya kujitegemea tangu 1922. Marekani, mtu aliyelifanya jambo hili kuwa somo la kisayansi ni Maurice Olley, Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akaingia Cadillac mwaka 1930. Olley alichukua gari kubwa, akalifungia vyuma vizito vinavyoweza kusogezwa mbele na nyuma, kisha akaliendesha tena na tena akibadilisha mahali pa uzito na ulaini wa springi, akiandika kila mara safari inavyojisikia mwilini mwa abiria. Kabla yake, mafundi wengi walifanya kazi hii kwa kukisia. Baada yake, kulikuwa na vipimo.

Magari ya General Motors ya mwaka 1934 yakaja na miguu ya mbele ya kujitegemea. Cadillac, Buick na Oldsmobile zilitumia muundo wa mikono miwili kila upande: mmoja juu, mmoja chini, na gurudumu likishikwa katikati ya ncha zake. Henry Ford, kwa upande wake, alishikilia ekseli yake ngumu mpaka kifo chake mwaka 1947. Ford ya kwanza ya kawaida nchini Marekani yenye miguu ya mbele ya kujitegemea ilikuwa ile ya mwaka 1949.

Siri iko kwenye mikono

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu mambo yote yanayofuata yanategemea kipengele hiki.

Gari likiingia kona kwa kasi, bodi inalala upande wa nje wa kona. Tairi la nje ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Gari zima linashika barabara kwa viraka vinne tu vya mpira, kila kimoja hakizidi sana ukubwa wa kiganja. Ukitaka tairi lile la nje lifanye kazi, kiraka chake kikanyage chini chote. Bodi ikilala na gurudumu likilala nayo, tairi linasimama kwa ukingo wake wa nje, kama mtu anayetembea kwa ubavu wa kiatu. Mshiko unapungua, na ukingo unaliwa.

Ule mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele, mafundi wanauita kemba. Sasa uzuri wa mikono miwili ni huu: ukiipima vizuri urefu na mielekeo yake, unaweza kuifanya ibadilishe kemba yenyewe kadiri gurudumu linavyopanda. Bodi inapolalia upande wa nje, gurudumu la nje huwa linapanda kuelekea bodi. Kama wakati huohuo mkono wa juu unavuta kichwa cha gurudumu kuelekea ndani, basi mlalo wa bodi unafidiwa, na tairi linabaki limesimama wima juu ya barabara.

Lakini mkono huo ukiwa umeelekezwa vibaya, unafanya kinyume: unakiacha kichwa cha gurudumu kilipo, au hata kukisukuma nje. Basi bodi inalala, gurudumu linalala, na dereva anasikia usukani umekuwa mzito na pua ya gari haitaki kuingia kona.

Springi ngumu zitapunguza mlalo, ni kweli. Hazitabadilisha njia ambayo gurudumu linapita. Njia hiyo imeandikwa kwenye matundu ya boliti.

Gari la bei nafuu lililozaa ukoo

Oktoba 1959 Ford walizindua Falcon, gari dogo kwa viwango vya Marekani. Mtetezi wake mkuu ndani ya kampuni alikuwa Robert McNamara, mtu wa hesabu, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua zaidi kama waziri wa ulinzi wakati wa vita vya Vietnam. Falcon ilikuwa gari la hesabu kweli: jepesi, rahisi kutengeneza, rahisi kununua. Iliuzwa zaidi ya magari 400,000 katika mwaka wake wa kwanza.

Miguu yake ya mbele ilikuwa ya mikono miwili, lakini kwa mpangilio wa pekee. Springi haikukaa juu ya mkono wa chini kama ilivyozoeleka. Ilikaa juu ya mkono wa juu, na kichwa chake kikasukuma mnara wa bati uliosimama ndani ya boma la injini, kila upande mmoja. Mkono wa chini ulikuwa kipande chembamba tu, kikisaidiwa na fimbo ya chuma iliyozuia gurudumu lisirudi nyuma. Uzito wote wa mbele ulipita kwenye minara ile miwili ya bati.

Kwa barabara laini za Marekani, na kwa mama anayekwenda sokoni, muundo huo ulitosha kabisa. Mambo yaliharibika Falcon ilipotoka nje ya kwao.

Mwishoni mwa 1960 Falcon ilianza kuuzwa Australia, kwenye barabara za vumbi, mashimo na mabati yasiyoisha. Boljointi za mbele zilichakaa haraka, na jina la gari likachafuka haraka vilevile. Ford ya Australia ilibidi wafanye kile ambacho kila fundi wa Afrika Mashariki anakijua: kuimarisha. Matoleo yaliyofuata yakapewa vipuri vizito zaidi. Lakini jina likishachafuka haliondoki kwa kubadilisha boljointi. Ndiyo maana mwaka 1965 walifanya jambo la ujasiri mbele ya umma. Walichukua Falcon tano, wakazizungusha usiku na mchana kwa siku 9 katika uwanja wao wa majaribio wa You Yangs, mpaka zikafikisha jumla ya maili 70,000, yaani zaidi ya kilomita 112,000, kwa wastani wa zaidi ya maili 70 kwa saa. Baadhi ya magari yalipinduka njiani, yakanyooshwa, yakaendelea. Watu wakaamini tena.

Ulaya, Falcon zilipelekwa kwenye mashindano ya Monte Carlo. Januari 1964, Bo Ljungfeldt wa Sweden alimaliza wa pili na Falcon, nyuma ya Mini ndogo ya Paddy Hopkirk. Kwa gari lililozaliwa kubeba mboga, si haba.

Pasaka ya mwaka 1964, huku kwetu

Miezi miwili tu baadaye ukoo huohuo ukafika Afrika Mashariki. Mashindano ya East African Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa yakikimbiwa wakati wa Pasaka kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakati huo wa mwaka maana yake ni masika: barabara inayopitika asubuhi, jioni ni mto. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yalimaliza tena saba tu. Ukisikia wazee wanaiita Safari kaburi la magari, hawatanii.

Mwaka 1964, wiki chache kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, timu ya Wamarekani ilishusha magari ya Mercury Comet kwa ajili ya Safari. Comet ni ndugu wa damu wa Falcon: mifupa ileile, minara ileile ya bati, springi ileile juu ya mkono wa juu. Mwaka uliotangulia, Comet zilikuwa zimekimbizwa maili 100,000 kwenye uwanja wa Daytona kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Kwa karatasi, zilikuwa magari ya chuma.

Comet mbili tu ndizo zilizofika mwisho, na zote zilikuwa mkiani mwa orodha. Daytona ni lami. Safari ni mashimo, tope, mawe na mito, na haikuua magari kwa kiungo kimoja. Ila kinachovutia ni mshindi. Lilikuwa Ford vilevile: Cortina GT iliyoendeshwa na Peter Hughes na Billy Young. Cortina ilitengenezwa na Ford ya Uingereza, na miguu yake ya mbele ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Hapakuwa na mkono wa juu. Shokapu ndefu ilisimama ndani ya springi na kufanya kazi ya mkono huo. Muundo huo ulibuniwa na Earle MacPherson, mhandisi wa Ford, na kama gari lako ni Vitz, Passo au IST, mbele limesimama juu ya wazo lake.

Matundu manne

Wiki chache baada ya Pasaka ile, tarehe 17 Aprili 1964, Ford walizindua Mustang kwenye maonyesho ya dunia ya New York. Bei ilianzia dola 2,368. Watu walipagawa. Ndani ya miaka miwili zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni moja. Pua ndefu, mgongo mfupi, sura ya gari la mbio. Chini yake, lakini, walikuwa wamelaza mifupa ya Falcon.

Wapenzi wa mbio hawakudanganyika. Ilikwenda vizuri kwenye mstari ulionyooka. Kwenye kona ilikumbuka ukoo wake. Lee Iacocca, mkuu wa kitengo cha Ford, alitaka Mustang iheshimiwe kwenye mashindano, si kwenye maegesho tu. Akamwendea Carroll Shelby.

Shelby alikuwa Mtexas aliyewahi kufuga kuku, akawa dereva wa mbio, akashinda Le Mans mwaka 1959, kisha akaacha kuendesha kwa sababu ya moyo. Sasa alikuwa na karakana California. Chama cha mbio cha SCCA kilimpa masharti: ili Mustang ikubaliwe kama gari la michezo, iwe na viti viwili tu, na yatengenezwe angalau magari 100. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa GT350.

Watu wengi wakisikia Shelby wanafikiria injini. Injini iliongezwa nguvu kweli, ikafika farasi 306. Lakini kilichoifanya GT350 ishinde kona kilifanywa chini, kwa kanuni iliyotokana na kazi ya mhandisi wa Ford aitwaye Klaus Arning. Arning alikuwa miongoni mwa wahandisi wa kampuni hiyo walioitumia kompyuta mapema kukokotoa njia ya gurudumu: likipanda kiasi hiki, kemba inakuwa kiasi gani, bodi ikilala kiasi kile, inakuwaje. Hesabu iliyokuwa inakula siku nyingi za karatasi na bikari sasa ilifanywa na mashine, na mtu aliweza kujaribu mahali pengi pa kufungia mkono kabla ya kukata hata kipande kimoja cha chuma.

Jibu lililopatikana kwa Mustang lilikuwa dogo mno: shusha mkono wa juu inchi moja. Basi. Mkono wenyewe ni uleule, springi ikae palepale juu yake. Kwenye kila mnara wa bati, mkono ulishikwa na boliti mbili. Toboa matundu mapya mawili chini ya yale ya zamani, upande wa pili vilevile, funga mkono hapo. Matundu manne, umemaliza.

Kwa nini inafanya kazi? Ncha ya ndani ya mkono ikishuka, mkono unakuwa umeinuka kuelekea gurudumu. Gurudumu likipanda, ncha ya nje inaendelea kupanda kwenye tao lake, na tao hilo sasa linaelekea ndani. Kichwa cha gurudumu kinavutwa ndani, tairi la nje linasimama wima wakati bodi imelala. Faida ya pili: nukta ambayo bodi inaizunguka inapolala inapanda juu, inakaribia kitovu cha uzito, kwa hiyo bodi yenyewe inalala kidogo zaidi ya pale ilivyozoea kulala sana. Na kwa kuwa springi imekaa juu ya mkono ule, gari zima linashuka kidogo. Umepata mambo matatu kwa keekee moja.

Mengine yalifuata. Stabilaiza ya mbele ilifanywa nene, kipenyo cha inchi moja. Hapa pana hesabu tamu: ugumu wa fimbo dhidi ya kusokotwa unakua kwa kipenyo kilichojizidisha mara nne. Ukitoka milimita 20 kwenda milimita 25, kipenyo kimeongezeka kwa robo tu, lakini ugumu umekuwa karibu mara mbili na nusu. Shokapu zikawa za Koni. Breki za mbele zikawa za diski. Na minara ile ya bati, iliyokuwa na tabia ya kuegemeana ndani kwa uzito wa springi, ikafungwa kwa vyuma viwili. Kimoja kiliunganisha mnara na mnara juu ya injini. Kinaitwa chuma cha Monte Carlo, kwa jina la mashindano yale ya Falcon. Cha pili kiliifunga minara kwenye ukuta wa nyuma ya injini, na kilitoka kwenye Mustang zilizoandaliwa kuuzwa nje ya Marekani.

Hicho cha pili ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Kilikusudiwa kwa wateja wa nje ya Marekani, na Shelby akakiona kinafaa uwanja wa mbio. Gari ambalo minara yake haipindi huhifadhi vipimo vyake, iwe ni kona ya California au korongo la barabara ya vumbi.

Tarehe 14 Februari 1965, huko Green Valley, Texas, Ken Miles aliipeleka GT350 kwenye mashindano yake ya kwanza, akashinda. Miles, fundi na dereva Mwingereza aliyekuwa mkono wa kulia wa Shelby katika majaribio, hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki Agosti 1966 akijaribu gari la mbio la Ford huko Riverside. GT350 ilichukua ubingwa wa taifa wa daraja lake mwaka 1965, 1966 na 1967.

Kama ilikuwa rahisi hivyo, kwa nini wote hawakuifanya?

Swali zuri. Jibu si fizikia, ni hesabu za duka. GT350 za mwaka 1965 zilikuwa 562 tu. Mustang za kawaida za msimu huo zilizidi 600,000. Kitu kinachochukua fundi dakika kadhaa kwa gari moja, ukikizidisha mara laki sita, kinakuwa kiwanda kizima. Na mnunuzi wa kawaida alitaka gari laini la kwendea kazini. Kona za mbio hazikuwa shida yake.

Hata Shelby mwenyewe hakudumu nayo. GT350 ilianzia dola 4,547, karibu mara mbili ya Mustang ya kawaida, na wateja walilalamika kuwa ni ngumu na ina kelele. Mwaka 1966, baada ya magari ya mwanzo kuisha, kazi ya kushusha mikono iliachwa ili kupunguza gharama. Marekebisho yenye akili kuliko yote ndiyo yaliyoondolewa, kwa sababu mteja hayaoni. Mistari ya rangi ilibaki.

Ila mafundi hawakusahau. Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, mtu mwenye Mustang ya zamani anaweza kununua kipande cha bati chenye matundu ya kuelekeza keekee, akafanya mwenyewe kazi ileile Jumamosi moja. Wenye uzoefu humshauri afuate mpangilio. Kwanza badilisha bushi na boljointi zilizochoka, maana kupima jiometri ya gari lenye bushi zilizokufa ni kupima kitu kinachocheza. Pili, shusha mikono. Tatu, stabilaiza nene na shokapu nzuri. Mwisho, alaimenti, na isifuatwe ile ya kitabu cha mwaka 1965, kwa sababu kitabu kile kiliandikwa kwa tairi za nyuzi za mshazari za wakati ule. Tairi za redio za leo zinataka vipimo vingine.

Jaribu mwenyewe, halafu urudi gereji

Chukua kadibodi ngumu, ifanye bodi ya gari. Kata mkono wa chini wa sentimita 14, mkono wa juu wa sentimita 10, na kipande kilichosimama cha kushika gurudumu, chenye matundu mawili yaliyoachana sentimita 10. Kwenye bodi, toboa tundu la mkono wa chini. Kisha sogea sentimita 4 kuelekea upande wa gurudumu, panda sentimita 11, toboa tundu la kwanza la mkono wa juu, na sentimita 2 chini yake toboa la pili. Funga kwa pini. Anza mkono wa chini ukiwa mlalo, halafu inua gurudumu sentimita 2. Ukitumia tundu la juu, kichwa cha gurudumu hakiingii ndani. Gurudumu linalala nje kidogo. Hamia tundu la chini, rudia. Sasa kichwa kinaingia ndani, unaona kabisa kwa macho. Hiyo ndiyo kazi ya Arning, kwa kadibodi na pini.

Sasa rudi kwa yule kaka wa tairi zilizoliwa. Alipoweka spesa alitaka jambo la maana: kuvuka matuta bila kugonga. Barabara zetu zinamlazimisha, siwezi kumlaumu. Lakini aliyepiga hesabu ya mikono ile kiwandani aliipiga kwa kimo kimoja. Ukiinua bodi, mikono ya chini inaning'inia, gurudumu linavutwa ndani kwa chini na kulala nje kwa juu, boljointi na sivijointi zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi, na kitovu cha uzito kimepanda. Gari litapita tuta bila shida. Swali ni litafanyaje siku mtoto atakapokatiza barabara na wewe ukakata usukani ghafla kwa kilomita 80.

Kwa hiyo kama lazima unyanyue, nyanyua kwa kiasi, nenda kwenye alaimenti siku hiyohiyo, na mwambie fundi akupimie kemba pamoja na mwelekeo wa magurudumu. Inchi moja iliyopigiwa hesabu iliipa Mustang ubingwa miaka mitatu mfululizo. Inchi moja isiyopigiwa hesabu ilimla yule kaka tairi mbili, na ni bahati yake kwamba kilicholiwa kilikuwa mpira.